Eti "haitoki"!

Nimekaa kimya wiki mbili, najua, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Testi zilinibana, bumu likachelewa, na kompyuta ya kuazima nayo ina wenyewe. Leo nimerudi, na nimerudi na hasira. Asiyependa kelele aruke siku ya leo, asubiri niandike habari za mpira.

Kisa kimetokea juzi usiku kwenye chumba cha kujisomea. Tulikuwa watu sita, wote wa ualimu wa sayansi, tunapiga msuli wa fiziolojia. Tukafika kwenye vipokezi vya asetilikolini vya aina ya muskarini. Mimi nikauliza: hivi jamani, inakuwaje kemikali ile ile inayokaza msuli wa mkono ndiyo hiyo hiyo inayopunguza mwendo wa moyo? Mshikaji mmoja, kichwa kweli kweli, anayenizidi maksi kila testi, akafunga desa lake akasema: "Achana nayo hiyo, haitoki." Mwingine akadakia: "Na hata ikitoka, wewe unakwenda kufundisha sekondari huko, utaitumia wapi?" Wakacheka. Nikacheka na mimi, kwa sababu sikuwa na la kusema. Halafu nikarudi chumbani, usingizi ukagoma.

Sasa la kusema ninalo. Hilo neno "haitoki" ndilo neno bovu kuliko yote tunayoambukizana hapa chuoni. Tunalitumia kama kisu cha kukatia masomo: hiki kinatoka, meza, hiki hakitoki, tupa. Halafu tunakwenda kuitwa walimu. Na nitawaonyesha ubovu wake kwa hivyo hivyo vipokezi ambavyo eti havitoki, maana mimi vilishanitokea. Havikunitokea kwenye karatasi ya mtihani. Vilinitokea darasani, chaki mkononi, na nikachemsha.

Mwaka jana wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya kata mkoani Iringa, kwenye vijiji vya nyanya. Wanaolijua eneo hilo wanajua maisha yake: nyanya ni ada, nyanya ni bati la nyumba, na nyanya bila dawa ya wadudu hailiki na mtu, inaliwa na wadudu. Kila nyumba ina bomba la kupulizia la kubeba mgongoni. Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu mada ya uratibu wa mwili: neva, ubongo, matendo ya ghafla yasiyo ya hiari. Niliandika ubaoni kwamba asetilikolini ni kemikali inayovusha taarifa kutoka kwenye neva kwenda kwenye msuli, msuli ukakaza. Watoto wakanakili. Kipindi kikaisha, nikajiona mwalimu.

Nikiwa nje ya ofisi akanifuata binti mmoja mpole, wa dawati la nyuma.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Vipi?"

Akaniambia, kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, kwamba baba yake alipulizia nyanya kutwa nzima na bomba lilikuwa linavuja mgongoni. Alirudi nyumbani na shati lile lile bichi, akajilaza. Jioni akaanza kutokwa na mate kama mtoto, machozi, jasho, akatapika, akajikojolea. Kifua kikawa kinakoroma. Mboni za macho zikawa ndogo kama nukta. Misuli ya mapaja ikawa inachezacheza yenyewe chini ya ngozi. Majirani wakamnywesha maziwa, yakarudi yote. Wakampakia kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, na yule daktari wa pale akamchoma sindano, akasubiri kidogo, akachoma tena, akachoma tena, usiku kucha. Asubuhi mdomo ulikuwa umekauka kabisa, kifua kimetulia, lakini mzee alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo na anaokota vitu hewani. Na misuli bado ilikuwa inacheza, mikono haina nguvu hata ya kushika kikombe. Alipona baada ya siku kadhaa. Ila kijijini ikabaki habari kwamba dawa ya nyanya ilimlewesha tu, na kilichomchanganya akili ni zile sindano. Jirani yao mmoja alishaapa kwamba yeye yakimkuta hayo hatakubali kuchomwa.

Kisha akaniuliza maswali yake, na hadi leo nayakumbuka kwa mpangilio. Kwa nini moyo wa baba ulikwenda polepole, wakati mwalimu umesema ile kemikali inasukuma misuli ifanye kazi, na moyo si ni msuli? Kwa nini sindano ilikausha mate lakini haikutuliza mapaja? Na je, ni kweli sindano ndiyo ilimchanganya?

Nikamjibu jibu ambalo kila mmoja wetu analijua. "Swali zuri sana. Tutalijadili kipindi kijacho."

Kipindi kijacho hatukulijadili. Nilijifanya nimesahau, na yeye, kwa adabu yake, hakunikumbusha. Mazoezi yakaisha, nikapanda basi. Sasa sikilizeni jambo linaloniuma: majibu ya maswali yote matatu nilikuwa nayo kwenye desa langu la mwaka wa pili. Niliyameza, nikayatapika kwenye karatasi, nikapewa B plasi. Siku yalipohitajika na mtu mwenye shida nayo, hayakuwepo. Kichwani nilikuwa na sentensi za Kiingereza zilizopangwa kama matofali, na kila nilipotaka kuligeuza moja kwa Kiswahili lilivunjika.

Kwa hiyo leo nayajibu hapa, mbele yenu. Kaeni.

Kosa la kwanza ni lile nililoandika ubaoni. Tumezoea kusema kemikali fulani "inasisimua" na nyingine "inazuia", kana kwamba kazi imeandikwa ndani ya kemikali yenyewe. Si kweli. Chukulia siku bumu linapoingia. Mtu anapita koridoni anapiga kelele, "Bumu limetoka!" Taarifa ni moja. Wa chumba cha kwanza anakimbilia benki. Wa chumba cha pili anafunga mlango na kuzima taa, ana madeni. Mama ntilie wa getini anafungua daftari lake na kuanza kuhesabu majina. Maneno ni yale yale, anayeamua kitakachofuata ni mpokeaji na hali aliyonayo. Asetilikolini ni yule mpiga kelele wa koridoni. Vipokezi ndio wenye vyumba.

Jambo hili lina historia, na ni tamu kuliko tunavyosomeshwa. Mwaka 1914 Mwingereza Henry Dale aliona kwamba asetilikolini ina tabia mbili. Mahali pengine mwilini inafanya kazi kama muskarini, ile sumu iliyotolewa kwenye uyoga mwekundu wa madoadoa meupe mwaka 1869. Mahali pengine inafanya kama nikotini ya tumbaku. Ndiyo maana tunayo makundi mawili ya vipokezi na majina hayo ya ajabu. Mwili wako hautengenezi muskarini wala nikotini. Majina yametokana na sumu zilizotumika kuvitofautisha.

Kisha mwaka 1921, mjini Graz, Austria, Otto Loewi akachukua mioyo miwili ya chura iliyokuwa bado inadunda kwenye maji ya chumvi. Akaishtua neva ya vagasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Akachukua maji ya moyo ule akayapeleka kwenye moyo wa pili, ambao neva yake hakuna aliyeigusa. Nao ukapunguza mwendo. Maana yake neva ilikuwa imemwaga kitu ndani ya maji, na kitu hicho kilitosha kufikisha ujumbe. Baadaye ikajulikana ni asetilikolini. Mwenyewe alisimulia kwamba jaribio hilo aliliota. Usiku wa kwanza aliandika kwenye kikaratasi, asubuhi mwandiko wake mwenyewe ukamshinda kuusoma (wenye madesa ya namna hiyo mnajijua), usiku wa pili akaota tena na safari hii akaenda maabara palepale. Mwaka 1936 yeye na Dale wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja.

Mnaona basi? Jaribio maarufu lililoionyesha asetilikolini ikifikisha ujumbe wa neva liliionyesha ikipunguza mwendo wa moyo. Na mimi nikasimama mbele ya watoto nikaandika kwamba ni kemikali ya kukaza misuli, nukta, mwisho.

Sasa tuingie vyumbani. Kipokezi cha nikotini, kile cha kwenye msuli wa mkono na wa paja, ni mlango. Ni vipande vitano vya protini vilivyosimama duara kwenye utando wa seli, na katikati kuna tundu. Asetilikolini ikikaa, tundu linafunguka, ioni za sodiamu zinaingia, msuli unakaza. Yote hayo ndani ya milisekunde. Hakuna majadiliano.

Kipokezi cha muskarini si mlango. Ni mpokea simu. Ni uzi mmoja wa protini uliosokotwa ukapita kwenye utando wa seli mara saba. Asetilikolini ikikaa upande wa nje, kipokezi kinabadili umbo, na upande wa ndani kinaamsha protini nyingine iitwayo protini G, ambayo nayo inakwenda kutoa amri ndani ya seli. Ni kazi ya taratibu kidogo, na amri inategemea ni protini G ipi iliyokaa pale. Tunavyo vya aina tano, M1 hadi M5. Mkitaka kukariri, nawapa bure: M1, M3 na M5 huamsha njia inayofungulia kalisi kutoka kwenye ghala la ndani ya seli. M2 na M4 huelekea kupoza, hupunguza utengenezaji wa mjumbe wa ndani aitwaye AMP ya mzunguko.

Moyoni, kwenye kile kituo kinachopanga mapigo, waliojaa ni M2. Pale protini G ikiamshwa, kipande chake kinakwenda kufungua njia za potasiamu. Potasiamu inatoka, seli inabaki na chaji hasi zaidi, na inachukua muda mrefu zaidi kufikia kiwango cha kupiga pigo jingine. Moyo unapunguza mwendo. Kwenye mirija ya mapafu, tezi za mate, tezi za machozi, matumbo, kibofu na ule msuli wa duara unaobana mboni, kazi kubwa ni ya M3. Huko kalisi inafunguliwa: msuli laini unajibana, tezi inamwaga maji yake.

Haya, mrudieni yule mzee wa nyanya, mmuone kwa macho hayo.

Kwa kawaida asetilikolini haikai. Kuna kimeng'enya kinachoisubiri pale pale kwenye mwanya, asetilikolinesterasi, ambacho molekuli yake moja inaweza kuvunja maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde moja. Ujumbe unafika, unasomwa, unafutwa. Dawa nyingi za wadudu za jamii ya oganofosfeti zinaua mdudu kwa kukikaba kimeng'enya hicho, na chetu ni ndugu wa cha mdudu. Gesi ya sarini iliyotumiwa na magaidi kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo mwezi Machi 1995 ni ya jamii hiyo hiyo. Sumu ikipita kwenye ngozi ya mgongo uliolowa, kimeng'enya kinakabwa, asetilikolini inarundikana, na kila kipokezi kinapigiwa kelele bila kupumzika. M3 kwenye tezi: mate, machozi, jasho. M3 kwenye mapafu: mirija inabana huku makohozi yanajaa, ndio ule mkoromo. M3 kwenye kibofu: akajikojolea. M3 kwenye jicho: nukta. M2 moyoni: mapigo polepole. Na kwenye misuli ya mapaja, ambako hakuna muskarini kwenye kazi hiyo bali nikotini: misuli inacheza, halafu inachoka, inalegea. Msuli unaovuta pumzi nao ni wa kundi hilo, na hapo ndipo watu wengi wanapofia.

Swali la kwanza la binti limejibiwa. Moyo ni msuli, ndiyo, ila chumba chake kina mpokeaji mwingine.

Swali la pili. Sindano ile, kwa namna binti alivyoieleza, ilikuwa ni atropini. Atropini inakwenda kukaa kwenye kiti cha kipokezi cha muskarini bila kukiamsha, basi asetilikolini ikija inakuta kiti kina mtu. Lakini ni ugombea wa kiti: asetilikolini imerundikana, kwa hiyo atropini lazima iwe nyingi kuishinda. Ndiyo maana daktari huchoma, anasubiri dakika chache, anaongeza dozi, mpaka mapafu yakauke na mapigo ya moyo yapande. Yule tabibu wa kituo cha afya hakuwa anababaisha. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri, peke yake, usiku kucha. Na atropini haina habari na vipokezi vya nikotini, umbo lake haliingii pale. Mate yakakauka, mapaja yakaendelea kucheza. Ipo dawa nyingine, pralidoksimu, ya kujaribu kukinasua kimeng'enya kwenye sumu, lakini vituoni vyetu si rahisi kuipata, na wataalamu wenyewe wamebishana miaka mingi kuhusu faida yake.

Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo linalohitaji mwalimu mkweli. Je, sindano ilimchanganya? Inawezekana kabisa kwamba ndiyo. Ubongo umejaa vipokezi vya muskarini, hasa M1, na vinahusika na kumbukumbu na utulivu wa fikra. Atropini nyingi ikivifunika, mtu anaona wasiokuwepo, anaokota hewani. Hali hiyo inapita dawa ikipungua mwilini. Kwa hiyo wanakijiji hawakuwa wajinga, waliona walichokiona. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia nusu ya pili: kwamba sindano iliyomchanganya kwa siku mbili ndiyo iliyomwondolea maji kifuani, na bila hiyo wangemzika. Mtu huyo alitakiwa awe mimi. Nilikuwepo pale, nalipwa posho ya kujikimu kwa kazi hiyo hiyo. Nikasema "kipindi kijacho".

Mkiniambia hicho ni kisa kimoja tu, nawaletea kingine, cha upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu walikula unga wa msaada uliokuwa umechanganyika na mbegu za mnanaha. Mamia waliugua, watu 5 walikufa. Mnanaha ni gugu, hata huku kwetu lipo kando ya mashamba na majalala, lenye maua kama tarumbeta na tunda la miiba. Ndani yake mna atropini na ndugu yake skopolamini. Sasa wewe uliyeelewa, tabiri mwenyewe dalili bila kufungua desa: kiti cha muskarini kimekaliwa bila kuamshwa. Mdomo mkavu, mboni kubwa, moyo mbio, mkojo umegoma, akili imechanganyika. Ni picha ya yule mzee iliyogeuzwa kila kitu kinyume. Aliyekariri anahitaji orodha mbili. Aliyeelewa anahitaji wazo moja. Hiyo ndiyo faida ya kuelewa, na hata wavivu kama sisi inatufaa.

Na tuje hapa hapa hosteli. Nani kati yenu hajameza Piritoni usiku wa mafua akaamka na mdomo kama karatasi? Piritoni kazi yake ni kuzuia histamini, lakini inagusa na vipokezi vya muskarini, ndiyo maana unakauka. Kijana unakunywa maji, yanaisha. Babu yako mwenye tezi dume akimeza dawa za namna hiyo mkojo unaweza kugoma kabisa, au akaanza kuchanganya majina ya wajukuu na mkadhani ni uzee umezidi ghafla. Wagonjwa wa pumu na wa mapafu wana dawa za kuvuta, kama ipratropiamu, zinazoizuia M3 ili mirija ifunguke. Na mwezi Septemba 2024 Marekani waliidhinisha dawa ya skizofrenia yenye zanomelini, inayoamsha M1 na M4 ubongoni, ikiambatanishwa na trospiamu, ambayo inazuia vipokezi vya sehemu nyingine za mwili na ubongoni haiingii kirahisi. Dawa za ugonjwa huo kwa miongo mingi zilikuwa zinalenga zaidi vipokezi vya dopamini. Njia mpya imepita kwenye vipokezi ambavyo juzi mliniambia niachane navyo.

Najua majibu yenu, maana nilikuwa nayatoa mwenyewe.

Mtasema silabasi ya sekondari haina M1 hadi M5. Kweli haina, na mimi sitaki iwe nayo. Mtoto wa kidato cha tatu hana shida na M3. Lakini mwalimu wake akielewa, hataandika ubaoni sentensi ya uongo kama yangu. Ataandika kwamba kemikali inaleta taarifa, na kiungo kinajibu kwa kadiri ya mpokeaji wake. Ni mstari mmoja, haumalizi chaki, na binti angeondoka na jibu lake la kwanza.

Mtasema darasa lina watoto themanini, maabara ina mirija mitatu ya kioo, na mshahara ukija unakuja na makato. Kweli tupu. Siwezi kubishana na njaa. Lakini mimi sikushindwa kumjibu yule binti kwa sababu ya maabara. Tulikuwa wawili tu, chini ya mti, na alikuwa ananisikiliza.

Mtasema sisi si madaktari. Sawa, na atropini tusiiguse. Lakini kijijini daktari ni mmoja na walimu ni kumi na watano. Mambo ambayo yule mzee alitakiwa ayajue kabla ya kufika kwa daktari ni ya mwalimu kabisa: bomba linalovuja si la kubeba, nguo ikilowa dawa ivuliwe papo hapo na mwili uoshwe kwa maji mengi na sabuni, na anayemsaidia ajikinge mikono, mgonjwa asinyweshwe maziwa wala kulazimishwa kutapika, awahishwe hospitali na chupa ya dawa ibebwe ili daktari aisome. Na kwamba akichomwa sindano nyingi, familia isije juu. Haya huwezi kuyafundisha kwa uhakika kama hujui kwa nini. Ukiulizwa "kwa nini maziwa hapana?" utabaki kusema "ndivyo walivyosema wataalamu", na mbele ya bibi aliyelea watoto tisa hoja hiyo haina miguu. Mwambie kwamba sumu imeingia kwa ngozi na kushika kimeng'enya, maziwa tumboni hayana pa kuifuata, na kwamba mtu anayekoroma yanaweza kumwingia mapafuni. Hapo bibi atakuelewa, tena atawaambia wengine.

Kwa hiyo mshikaji wangu mwenye A zako, usinichukie. Wewe ni mkali kuliko mimi, ndiyo maana nakulaumu zaidi. Mimi niliyekariri nikapata B plasi nimeshaumbuka. Wewe utaumbuka wapi, na mbele ya mtoto wa nani? Mtihani wa mwisho wa muhula unatungwa na mtu mmoja aliyekaa ofisini, anachagua maswali matano. Maswali mengine yote yanatungwa huko nje, na wanaoyatunga hawajawahi kuona desa letu. Hakuna mada isiyotoka. Kuna mada ambayo bado hujakutana na aliyeumizwa nayo.

Nimeandika kurasa mbili, Kiswahili kitupu, na michoro miwili, moyo na tezi ya mate. Nimemwandikia yule binti kupitia kwa mwalimu wake wa darasa, na nimeomba, kama hatajali, amsomee baba yake na yule jirani aliyeapa. Mwanzoni nimeandika, "Samahani, kipindi kijacho kimechelewa." Bahasha naikabidhi kwa kondakta wa basi la Iringa Ijumaa alfajiri. Sijui kama bado yupo shuleni. Kidato cha nne kwake kinakaribia kuisha.

Kesho jioni saa moja nitakuwa chumba kile kile cha kujisomea, meza ya dirishani. Anayetaka tulisome hili mpaka tuweze kulieleza kwa Kiswahili bila kushika karatasi, aje. Na atakayesema "haitoki" atanunua chapati za wote.

Naomba kuwasilisha. Ngoja nikalale, testi ya kemia ni saa mbili asubuhi.